Mto Usio na Maji

Jumanne, 5 Novemba

Zamu ya asubuhi. Nimetabiri siku kavu mji mzima. Baadaye mtunza stoo akaingia ameloa chapachapa, akauliza utabiri wa leo kaandika nani. Nikanyoosha mkono. Chumba chetu hakina dirisha — tunaona mawingu ya nchi nzima kwa juu, kwenye picha za setilaiti, isipokuwa lile lililo juu ya paa letu.

Mama kapiga simu jioni. Hospitali wamempangia upasuaji Jumatatu asubuhi, jicho la kulia. Hatimaye! La kushoto limeshafunga kabisa. Akikosa siku hiyo anarudi mwisho wa foleni, na foleni imefika mwakani. Kaka ana gari, mimi nimepewa ruhusa. Tunakwenda kumchukua.

Akauliza kama tutakutana na mvua njiani. Nikasema sidhani. Akasema basi tubebe miavuli.

Ijumaa, 8 Novemba

Safari. Kaka anaendesha kama anafukuzwa. Ananiita Nabii tangu harusi yake, nilipowaambia mahema ya nini, mvua ikanyesha.

Mchana tukaingia chini ya wingu. Nilikuwa nimeliona kwenye simu kabla hatujaondoka: doa jeupe, kama ukucha wa kidole cha mwisho. Tumeendesha saa nzima chini yake, waipa zimeshindwa kazi. Mbuzi wamejibanza kwenye kituo cha basi pamoja na abiria. Mwalimu mmoja anatembea pekupeku, viatu na madaftari ya watoto kavificha kwapani. Miaka yote hii naliita doa. Nimeona haya kidogo.

Jioni tukavuka mto. Ni mto kwa jina tu: barabara inashuka mchangani, inapanda ng'ambo. Daraja hakuna, maji hakuna.

Jumamosi, 9 Novemba

Kwa Mama. Mzigo ameufunga tangu juzi. Anageuza kichwa pembeni ili anipate kwa ukingo wa jicho. "Umekonda," akasema. Sijakonda.

Kaka akamwambia Nabii kasema kesho jua tupu. Mama akacheka mpaka akakohoa. Hata wewe, Mama!

Jumapili, 10 Novemba

Tumeondoka mapema, anga buluu. Kwenye mji wa mwisho wenye mtandao tukasimama kununua maji ya kunywa, nikafungua picha. Milimani, mto unakotoka — wingu. Si doa. Katikati jeupe kupita kiasi. Kwenye picha zetu weupe ni baridi, baridi ni kimo, na wingu la kimo kile huwa linamwaga. Picha iliyofuata: halijasogea hata kidogo. Tukaondoka, mtandao ukakatika.

Mtoni tumefika saa saba. Mchanga mkavu, jua linachoma. Nikamwambia Kaka asimame, maji yanakuja. Akatazama juu, akatazama mchanga, akanitazama mimi.

"Maji gani, dada?"

Lori likavuka na kututimulia vumbi. Likaja basi. Nikasimama mbele yake na mikono juu. Dereva akanisikiliza, kwa adabu, kisha Kaka akawaeleza abiria ninafanya kazi gani. Kondakta akauliza mvua inyeshe kule milimani, mafuriko yatokee hapa kwenye jua, nimesomea wapi mambo hayo. Walicheka sana. Wakanizunguka, wakavuka. Dada mmoja mwenye mtoto akanipungia dirishani.

Saa tisa. Hakuna kitu. Kaka kaacha utani. Anasema tusipovuka sasa hatufiki, na wanampokea Mama alfajiri. Anasema hili ni jicho la Mama, si mambo yangu ya ofisini. Imeniuma. Tena hajakosea.

Nimepiga hesabu upya. Umbali, mteremko. Yangekuwa yameshafika. Labda mchanga umeyanywa. Labda lilikuwa wingu la barafu tupu, mvua yenyewe haikugusa ardhi — hutokea, imeshanitokea. Hayo sikuyasema kwa sauti.

Kaka akawasha gari. Akasema kwa upole kabisa, Mama aamue. Mama akaniuliza nimeona nini, nikamweleza. Akauliza kama nina uhakika.

"Ndiyo, Mama."

Akafungua mlango, akapapasa ubavu wa gari mpaka penye kivuli, akaketi chini na kunyoosha miguu.

"Zima gari," akamwambia Kaka. "Mwenzio kaliona."

Siku zote nimetaka Mama aniamini, hata mara moja. Leo kaniamini. Nimekaa juu ya jiwe, naandika ili mikono ipate kazi. Yasipokuja, nimemnyima mama yangu jicho lake kwa ajili ya picha ya asubuhi.

Ameuliza kama bado. Nimesema bado. Ameitikia, kama mtu anayesubiri chai ichemke.

Kaka ameshuka mchangani. Yuko katikati ya mto, anapiga mchanga mateke nione vumbi linavyopaa. Nami nimekaa hapa naomba maji yaje. Naomba kabisa, kwa moyo wote, yaje sasa hivi —

Hapana. Kaka atoke kwanza.

Nimemwita. Anacheka, anauliza anyoe ndevu au aoge kabisa. Nimemwita tena.