Sasa Nakunywa Kahawa Ingali ya Moto

Olasiti, Arusha

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi barazani, na magoti yako hayakusumbui kama wakati wa mvua. Jicho la Mama linaendeleaje? Nimesikia siku hizi anachambua maharage mwenyewe bila kuita mtu, nikafurahi mno. Mimi huku ni mzima. Narudia, Baba: ni mzima. Nimelitanguliza neno hilo kwa sababu nitakayokueleza yatakushtua mwanzoni. Leonia mdogo wangu, wewe unayemsomea Baba, soma polepole, na Mama akianza kushika kichwa mwambie avumilie, mambo yameisha vizuri.

Ningepiga simu, lakini kwenye simu husikii vizuri, na haya si mambo ya kupigiana kelele.

Unakumbuka nilivyosema nina mafua yasiyopona, ndiyo maana sipigi mara kwa mara? Nilikudanganya, Baba. Nisamehe. Sikuwa na mafua. Niliungua mkono wa kulia, kuanzia kwenye kiwiko mpaka vidoleni. Mama alikuwa ndiyo kwanza ametoka kufanyiwa upasuaji wa jicho, nikaona nikiwaongezea na langu mtashindwa kulala.

Ilikuwa hivi. Hapa kwenye nyumba ya wageni ninapopika, asubuhi wote wanataka kahawa kwa wakati mmoja, maana magari ya kwenda mbugani hayasubiri. Nilikuwa naichemsha kwenye birika kubwa, lile la kubebwa kwa mikono miwili. Siku hiyo nikaliinua kutoka motoni, mkono wa birika ukakatika. Kahawa yote ikanimwagikia. Sikupiga hata kelele. Nilisimama tu nikiangalia mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine. Aliyepiga kelele ni mwenye nyumba, Mama Elinami, yule mjane wa Machame niliyewahi kukusimulia. Alinivuta mpaka bombani akaniweka mkono chini ya maji, huku akisali kwa Kichaga, kisha akanipeleka hospitali yeye mwenyewe akiwa bado amevaa kanga ya ndani.

Kidonda kilichukua wiki nyingi. Kilipofunga, vidole vikakataa kunyooka. Daktari akaniambia, "Dada, usipovifanyisha kazi vitakakamaa hivyo hivyo." Basi kila siku nikawa nakamua kitambaa kibichi, machozi yananitoka, nakamua tena. Vidole vikaanza kulegea kimoja kimoja. Lakini kulikuwa na jambo lingine ambalo daktari hakuliona. Nikiona mvuke unatoka kwenye chombo, mkono unatetemeka wenyewe. Nikirudi jikoni, siwezi kuinua hata birika dogo la chai. Mpishi asiyeweza kuinua birika, Baba, ni mpishi gani? Nikajua nitarudi nyumbani mikono mitupu, na mmoja wenyewe mbovu.

Asubuhi moja namuona Mama Elinami anashusha mashine kwenye gari. Kaka yake alikuwa na mgahawa mjini, ameufunga, akampa. Mashine ya kahawa, ndefu kama kabati la vyombo, ina vitufe mbele. Nikajisemea, haya, mbadala wangu ndiyo huyo ameingia. Nikaenda chumbani kwangu, maana naishi hapo hapo uani, nikaanza kukunja nguo zangu.

Mama Elinami akanifuata. Akasimama mlangoni akiangalia begi.

"Anastazia, unakwenda wapi?"

"Nimeona mashine, Mama. Nimeelewa."

"Umeelewa nini? Hiyo mashine sikuileta ili uondoke. Nimeileta ili ubaki. Rudisha hizo nguo, uje uniambie inawashwaje, mimi sijui."

Nililia, Baba. Nililia vibaya mpaka akaketi kitandani kwangu akanisubiri.

Sasa nikueleze ilivyo, maana najua utauliza. Ndani yake hakuna unga wala buni. Kuna mfuko wa kahawa ya maji, kahawa iliyokwisha kupikwa kiwandani ikakolezwa mpaka ikawa nyeusi na nzito kama asali. Ukibonyeza kitufe, mashine inavuta kidogo ya ile nzito, inaichanganya na maji ya moto, kikombe kinajaa kabla hujamaliza kusema Baba Yetu. Hakuna kuchemsha, hakuna kuchuja, hakuna mashapo ya kumwaga. Mfuko ukiisha unavuliwa, unavalishwa mwingine.

Najua unachowaza. Mtu unayenusa kikombe cha jirani ukamwambia amekaanga moto ukiwa mkali, utasema kahawa ya mfuko ni ya wavivu. Mimi pia nilisema hivyo. Niliona aibu, mtoto wa mkulima wa kahawa wa Mbinga, nabonyeza kitufe. Kikombe cha kwanza kilikuwa chepesi, maji ya kuoshea kinu. Nikagundua kuna mahali pa kuongeza kipimo. Nikaongeza, nikaonja, nikaongeza tena. Cha nne nikakimaliza. Si sawa na ile ya kutwanga nyumbani, sitakudanganya mara ya pili, harufu yake haijazi nyumba. Lakini ina uchungu mzuri, inashuka vizuri, na kikombe cha asubuhi na cha jioni ni kilekile.

Wageni wameipenda. Wanajibonyezea wenyewe. Na mimi nimepata kitu ambacho sikujua nakikosa. Kila asubuhi, wote wakishaondoka, naweka kikombe changu, nabonyeza, natoka nacho uani, naketi. Mlima Meru uko mbele yangu kama hauna mawingu. Nakunywa mpaka mwisho. Nikafikiri, miaka yote hii kahawa niliyowahi kunywa ni ile iliyobaki chini ya birika, imepoa. Hata kwetu tulikuwa tunachuma, tunakausha, tunapeleka chama cha ushirika, sisi tunakunywa chai ya mchaichai. Nimefika umri huu ndipo nimekunywa kahawa ingali ya moto, nimeketi.

Lakini woga wa mvuke ulikuwa bado, Baba. Mashine ilikuwa imeuficha tu.

Juzi walikuja walimu sita wastaafu kutoka Dodoma, wote kina mama, wacheshi sana. Walitaka kwenda kuona maziwa ya Momela, wakamwomba Mama Elinami niende nao na chakula. Mama Elinami ana mashine nyingine ndogo ya safarini, inatosha mkobani, unaichomeka kwenye gari pale pa kuchajia simu. Kahawa nzito nikaitia kwenye chupa, nikaiweka na barafu isiharibike. Dereva wetu alikuwa Mzee Lomayani, Mwarusha wa upande wa magharibi ya mlima, mtu wa maneno machache.

Tulipita Makumira, tukapita Usa River, tukaingia hifadhini. Twiga walikuwa karibu kiasi kwamba wale walimu walinyamaza. Tulipofika ziwani ukashuka ukungu na manyunyu, baridi kama ya kwetu mwezi wa saba. Wote wakasema, "Anastazia, kahawa!" Nikachomeka mashine. Ikatoa vikombe viwili, ikakoroma, ikanyamaza. Mzee Lomayani akaigusa huku na huku, akatikisa kichwa. Akafungua nyuma ya gari akatoa jiko dogo la gesi na birika. Akachemsha maji.

Birika likaanza kutoa mvuke. Mkono wangu ukaanza.

Mzee akaniona. Akasema taratibu, "Yeyo, nimimine mimi?" Hilo "yeyo" ndilo neno lao la mama.

Nilitaka kusema ndiyo. Lilikuwa limefika mdomoni. Nikawatazama wale kina mama wamejikunyata ndani ya gari, mikono makwapani, nikasema, "Hapana, mzee. Ila usiende mbali."

"Siendi popote."

Nikatia kahawa nzito kwenye vikombe, kijiko kimoja na nusu kila kimoja. Nikashika birika. Lilikuwa zito kuliko nilivyolikumbuka. Kikombe cha kwanza nilimwagia maji pembeni, nikasikia moto karibu na kidole, nikaacha kumimina. Mzee Lomayani alikuwa anaangalia ziwa tu, kama hana habari, lakini mguu wake haukusogea. Nikainua tena. Cha pili kikajaa. Cha tatu. Wale wanne waliokuwa bado hawajapata wakapata, mzee akapata, na cha mwisho kikawa changu. Nilipoweka birika chini, nikaangalia mkono. Ulikuwa umetulia, Baba. Umetulia kama mkono wa mtu yeyote.

Nilizunguka nyuma ya gari nikalia peke yangu, lakini safari hii ilikuwa kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Mwalimu mmoja akachungulia akaniuliza, "Mama, kuna nini?" Nikamwambia kahawa ni ya moto. Akacheka, akanyoosha kikombe niongeze.

Mashine ndogo ilikuwa imeungua fyuzi tu, imeshatengenezwa. Jana niliitumia. Lakini leo asubuhi nilichemsha maji kwa birika makusudi, bila sababu yoyote, nikamimina, nikanywa.

Mama nimemnunulia kitenge, atakileta binamu Osmunda akija Krismasi. Wewe nakuletea chupa ya hiyo kahawa nzito. Ionje kabla ya kuisema vibaya. Nisalimie kaka yangu Kasiani na mkewe, shangazi, mama yangu wa ubatizo, na katekista wetu. Mwambie sala zake zimefika Arusha. Leonia, asante kwa kusoma, sasa mpe Baba aishike mwenyewe.

Na ukiona herufi zimepinda, Baba, usisikitike. Hakuna niliyemwomba aniandikie. Huo ni mkono wangu wa kulia.

Binti yako akupendaye,
Anastazia