Elisha Hataki Kubishana

Dada Rehema, shikamoo.

Nakusalimu kutoka Eagan, huku Marekani, ambako baridi inauma mpaka ndani ya pua. Ulinituma nimbane mdogo wetu Elisha akupigie simu, maana hajathubutu kusema nawe tangu akose mazishi ya Baba. Dada, mtu huyu habishani. Anasoma kijitabu cha kale cha Watao wa China, kinachofundisha kwamba kuna Njia inayoendesha ulimwengu, isiyoelezeka kwa maneno, na mwenye hekima huifuata bila kulazimisha jambo, kama maji yanavyoteremka bondeni. Nikamwambia hiyo ni dini ya wavivu. Akanimiminia chai.

Jana gari lilikwama kwenye theluji nikiwa kwenye usukani. Nilikanyaga mafuta huku nikimhubiria wajibu wa ndugu, na magurudumu yakazidi kuzama.

"Kaka, toa mguu," akasema. Akashuka, akamwaga mchanga chini ya matairi, akarudi akaketi kando yangu. Pumzi ilikuwa imeniishia, nami nikatoa mguu na kuacha mahubiri. Ndipo akauliza, macho yakiwa dirishani, "Dada bado ana hasira na mimi?"

Nilikuwa na majibu kumi. Nikayameza yote, machungu kama shubiri. Niligusa mafuta kidogo tu, gari likatoka.

Amesema mwenyewe atakupigia Jumapili baada ya ibada. Nakusihi usianze na mazishi. Muulize amekula nini, kisha umwache aseme. Naona aibu kuandika haya kwa mkono wangu mwenyewe.

Nimeyakumbuka maharage yako ya nazi, na wewe zaidi.

Nduguyo, Yona