Jirani Aliyeketi Hema la Wakwe

Konso wangu,

Kama huko uliko kuna kiti, kaa kwanza. Diana wako ameolewa. Tena ametolewa nyumbani kwako, uani kwako, mbele ya jiko lako. Nimetaka kukuandikia tangu siku ile, lakini kila nikishika kalamu nacheka, na unanijua, nikianza kucheka sifanyi kazi yoyote ya maana. Leo nimejikaza.

Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha Karagwe, kile ulichokuwa ukikitumia kunisengenya mbele ya watu wa hapa Kigali wasiokijua, nami nimesimama papo hapo.

Unajua ulituacha katika hali gani. Nyumba mpya za juu yetu zilikuwa zimekwisha, ukuta wao umekata njia yetu ya gari, na barabara yao nzuri ya mawe inapita nyuma ya ua wako, karibu kiasi kwamba tukisikia gari tunajua kama linahitaji fundi. Lakini kwenda huko, hapana. Ukutani hapo nyuma yako ulikuwepo ule mlango wa chuma waliopitia wajenzi, nao ukapigwa kufuli. Kule juu wakaweka geti na mlinzi, na mlinzi akawa na wimbo mmoja: “Mama, hii barabara iko ya wenye nyumba.” Sisi tukabaki na kijia cha kando ya mtaro. Tulilalamika kwenye mikutano ya mtaa mpaka sauti zikakauka. Gari la wagonjwa litapita wapi? Gari la taka je? Wakatujibu kwa upole, upole mwingi mno, mpaka tukasahau tulikuwa tumeuliza nini.

Na wewe tulikupitisha mtaroni, Konso. Mvua ilikuwa inanyesha. Vijana walibeba jeneza lako begani huku wameshikana mikono wasiteleze, na Mzee Karoli, jirani yetu huyu wa maneno mengi, alitangulia akipima tope kwa fimbo. Mimi nililia, na nusu ya kilio kilikuwa cha hasira. Nakwambia kwa sababu sitaki kukuficha kitu.

Kwa hiyo Diana alipoleta mchumba, Erike, kijana mtulivu mwenye masikio makubwa (usinicheke, ni mazuri), ukoo mzima ulisema tukodi ukumbi. Wakwe hawawezi kuletwa kwa kijia cha mtaroni na viatu vyao vya harusi. Diana mwenyewe akakubali, akainamisha uso. Hapo nikakusikia kabisa ukisema maneno yako yale: “Binti haondoki ukumbini kama mkutano uliokwisha.” Nikapiga meza. Nikasema huyu anatolewa kwa mama yake, na suala la njia niachieni mimi.

Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na mdomo tu.

Nikachukua kadi za harusi nikapanda kule juu, nikagawa mlango kwa mlango kwa wale majirani tusiosalimiana. Mtu ukimpa kadi mkononi, akuangalie usoni akatae? Ya mwisho nikampa Bwana Inosenti, mwenyekiti wao, aliyekulia Kampala, mpole, shati limenyooka hata siku ya Jumamosi. Nikamwomba siku hiyo moja tu afungue mlango wa chuma. Akasema tutaona. Wewe na mimi tunajua “tutaona” ya Kigali maana yake nini.

Siku ikafika. Mahema mawili uani, yakitazamana: letu la wenye binti, lao la waombaji. Mishanana, nguo zetu za sherehe, imepigwa pasi, maziwa yapo, Diana amefichwa ndani. Saa ya wakwe ikapita. Kumbe wamekwama getini, na yule mlinzi anawaimbia wimbo wake. Nilitaka kupanda nimfundishe wimbo mwingine. Mara tukasikia kufuli. Mlango wa chuma ukalia kama mbuzi, ukafunguka, na nani anaingia wa kwanza? Inosenti, katika koti la kijivu, ufunguo mkononi, nyuma yake ukoo mzima wa Erike na vikapu vyao. Kumbe alikuwa anakuja harusini, akawakuta pale, akaona aibu.

Sasa sikiliza. Kwa kuwa aliingia nao, aliketi nao. Kiti cha mbele kabisa, katika hema la wakwe! Mtu wa hapa asingefanya hivyo hata akiwa usingizini. Anayeketi hema lile ni mwombaji, na akiulizwa atajibu. Mkewe alikuja baadaye na majirani zao, wakajikalia upande wetu. Nilimwona Mzee Karoli, msemaji wetu, akimtazama yule bwana kwa upendo wa paka aliyeona samaki mezani.

Mambo yakaenda kama yanavyokwenda. Wakaomba binti, Karoli akasema hayupo. Wakaomba tena, akasema yupo ila anasoma. Wakaleta maneno ya ng’ombe, tukamsifu ng’ombe hadi pembe. Msemaji wao akawa anafuta jasho, anadhani amemaliza. Ndipo Karoli akauliza, taratibu, “Kati yenu, nani kashika ufunguo?”

Inosenti akauinua juu, anacheka, masikini.

“Basi ng’ombe tumempokea. Lakini binti yetu hapitishwi mtaroni. Mama yake tulimpitisha huko, na inatosha. Tunaomba njia.”

Nilikuwa nimeshika kikombe cha maziwa, nikakiweka chini. Nilijua Karoli anacheza, na nilijua pia hachezi.

Inosenti akasimama. “Mzee, mimi niko jirani tu.”

“Jirani uko hema gani?”

Akageuka kulia, akageuka kushoto, akawaona akina Erike wote wanamtazama kama ndugu yao. Konso, uso wa mtu yule! Akaanza kucheka mwenyewe, akasema, “Mi nimefungwa. Sawa, mlango iko yenu, lakini lazima niulize wenzangu.” Karoli akanyoosha fimbo kwenye hema letu: “Waulize, hao hapo.” Mkewe ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Baada ya hapo sikusikia kitu tena, kwa sababu nilikuwa napiga changu.

Diana akatoka. Amevaa mshanana wako wa rangi ya asali. Akaingia garini hatua chache kutoka mlangoni pako, gari likaondoka kwa barabara ya mawe, na mlinzi akapiga saluti.

Umuganda uliofuata, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, tulishuka na kupanda wote na majembe na nyundo. Mlango wa chuma tukaung’oa, ukuta tukaupanua upana wa gari. Inosenti alikuja na glavu mpya, akapata malengelenge vilevile. Sasa ananiita mama mkwe, na mimi namwitikia kwa kiburi chote.

Lakini usidhani ni mjinga. Jumapili moja alikuja na mkewe na kreti ya soda, wakaketi kwa heshima, akasema ametoa mahari, na desturi ni kwamba aliyetoa ng’ombe naye hurudishiwa ndama. Ndama wanaomtaka ni njia ya kushuka chini kituoni kwa basi. Watoto wao na wafanyakazi wao walikuwa wanazunguka mlima mzima, wakati kukatiza uani kwako ni dakika chache.

Hapo nilinywea. Ua wako! Maharage yako, uzio wa minyaa uliopanda kwa mkono wako. Tena tangu Diana aondoke nilikuwa nakwepa kuitazama nyumba yako jioni, kwa jinsi ilivyokuwa imenyamaza. Nikasema nyumba ni ya Diana, aamue. Akaja na Erike wake, akasimama kidogo karibu na dirisha lako, akachukua panga akaikata minyaa mwenyewe. Akaniambia, “Mama alipenda watu.” Nilimkumbatia na panga lake mkononi.

Kwa hiyo kwaheri, Konso wangu, lala salama, maharage nayapalilia. Na jambo la mwisho nikwambie. Watoto wa kule juu wamesikia kwamba hapa ni kwa Mama Diana. Hakuna aliyewaambia kwamba umeshatutoka. Kila asubuhi, wakienda shule, wanapita chini ya dirisha lako na kuamkia kwa sauti, “Mwaramutse, Mama Diana!” Mimi huwa niko kwangu, nyuma ya ua, nawasha moto. Naitikia kwa sauti yako.

Vena wako