Finjani Niliyoiweka Chini

Kwa kaka yangu Mutlaq, huko Aqaba,

Salamu nyingi kutoka milimani, zikukute mzima na mwenye shibe. Kifua kimepona, au bado unakohoa kama pikapu ya baba asubuhi? Sisi hatujambo. Mama anauliza kama unakula vizuri. Nimemwambia atulie, tumbo lako linaonekana hata kwenye picha.

Mimi mdogo wako, niliyefukuzwa darasa la sita kwa kubishana na mwalimu wa hesabu, sasa ndiye macho ya kikosi cha uokoaji. Usicheke. Wamenipa koti la rangi ya chungwa na simu ya upepo, nami nakaa kibandani juu ya daraja kutazama kipimo cha maji. Nikisema maji yanapanda, magari yanatoka. Kapteni huniita "sheikh". Najua ananitania, lakini naitika.

Wiki iliyopita theluji ililala kule juu Shobak mpaka magotini, kisha mvua ikainyeshea. Watu wa hali ya hewa wakatuonya kuwa yote itashuka kwa pamoja. Na unajua inashukia wapi: korongoni, alikopiga hema Ami Dhaifallah kukimbia upepo. Kapteni alimpigia simu, akajibiwa kuwa huko chini jua linawaka na watu wanaanika jibini. Akatumwa polisi, akanyweshwa chai, akarudi. Wala mzee hakuwa mkaidi bure. Mara mbili msimu huu tulimhamisha, mafuriko hayakuja, na wana-mbuzi wachanga wakamfia kwa baridi huko juu. Akasema safari hii hahami hata akifuatwa na jeshi zima.

Basi nikatumwa mimi, kwa kuwa ni wa ukoo mmoja naye. Kibanda nikamwachia mwenzangu.

"Karibu, macho ya serikali!" mzee akanipokea. "Leo umeona nini, povu?" Binti yake Shaha akadakia nyuma ya pazia, akamwambia baba yake aniulize kama koti langu linawaka gizani, wapate kuokoa mafuta ya taa. Nikaketi kwa adabu. Naam, mimi! Mzee akanimiminia kahawa, nikaipokea, nikaiweka chini.

Usijifanye umesahau huko mjini. Mgeni mwenye haja haionji kahawa mpaka mwenyeji amwambie amepewa, na akinyimwa, aibu inabaki hemani kwa mwenyeji. Ni jambo la wazee wenye ndevu, na mimi ndevu zangu unazijua, kila moja unaweza kuiita kwa jina lake.

Mzee akaitazama finjani, akanitazama mimi, akatabasamu. Akasema alijua tu baba yetu atashindwa kungoja baridi iishe, ila hakutegemea posa iletwe na kitoto. "Kunywa kahawa yako, mwanangu. Ulichokijia umepewa."

Kaka, hapa nakuambia jambo ambalo hata mama sijamwambia. Alidhani nimekuja kumposa Shaha kwa ajili yako. Wewe unayemwogopa mzee huyo, unayeahirisha safari ya posa kila Idi, kumbe angekubali! Neno lilikuwa limeshamtoka. Ningesema "ndiyo, ni kwa Mutlaq", ungekuwa bwana harusi. Na naapa nilifungua mdomo niseme hivyo. Nilitamani kuwa kijana aliyemletea kaka yake mke.

Simu ya upepo ikakoroma kiunoni. Mwenzangu akasema maji yamekifunika kipimo chote. Na finjani moja ni haja moja.

"Nimelijia hema, Ami," nikasema. "Lihame sasa hivi."

Mzee alinitazama kama mtu aliyeibiwa akiwa macho, kisha akainuka, akaanza kung'oa kamba kwa mikono yake. Nikainywa ile kahawa, tukahama. Tulipompandisha mbuzi wa mwisho ukingoni, maji yakaja yakisukuma mawe makubwa kuliko pikapu, nalo jua linawaka vilevile.

Mzee hakunishukuru. Wana-mbuzi wawili walikufa kwa upepo, akanionyesha mmoja baada ya mwingine. Kisha akasema nikufikishie hivi: nyumba yetu imeshaomba kwake na imepewa, asiwekewe finjani nyingine mpaka mwaka upite. Shaha akanifuata garini, akasema mwaka si mrefu, ila uje mwenyewe, umtoe baba yake hofu ya kuletewa posa na watoto.

Basi nikasirikie, kaka, ni haki yako. Mimi mwenyewe sijacheka vizuri tangu siku ile. Ila kila nikifumba macho nayaona yale mawe yakipita pale nyuma ya pazia, alipokuwa amekaa Shaha akinitania. Sasa yuko ukingoni, anakamua mbuzi, na mwaka ujao bado utamkuta wa kuposwa.

Mama anakuombea dua na anasema uvae soksi. Wasalimie wote bandarini.

Mdogo wako akupendaye,
Awwad