Yangeyange wa Chukwani na Kichwa cha Wanu

Sichana, jirani yangu Bi Mwanaasha anatangaza mtaa mzima kwamba nimempiga Wanu picha kichwa wazi, pwani Chukwani. Kichwa wazi! Mimi!

Wallahi nilikuwa nnapiga picha yangeyange, wale ndege weupe. Nilichutama mchangani tangu alfajiri, maji yametoka, wanawake wanachokoa chaza kule mbali, Bi Mwanaasha na Wanu wamo. Ndege waliporuka nikabonyeza. Sasa ndiyo nnakumbuka: nyuma yao Wanu alikuwa ameinuka anajitanda kanga upya.

Leo Wanu amekuja mwenyewe. "Umenivua nguo mbele ya mji!" Nikamwambia nimepiga ndege. "Na mimi ndege?" Akalia hapo hapo mlangoni. Mumewe anarudi Ijumaa, filamu iko studio, na picha zikitoka nzuri huwekwa dirishani.

Dirishani, Sichana! Kila mwanamme apite atazame.

Kaka yako ndiye anayesafisha filamu pale. Mwambie asiitazame, aifunue juani iungue. Picha zote nane, hata zile za ngalawa za Mbweni, ziende. Nimeridhia.

Hiki ni kikaratasi cha pili tangu asubuhi. Umeshamwambia?