Salamu za Siku Tatu

Jumatatu, 6 Machi 1911. Kiegeani.

Kibanda cha sala kinavuja tena upande wa altare. Asubuhi katekisimu, watu tisa, wawili wamesinzia. Mchana nimepanda juu kufunga makuti mwenyewe, maana makuli wote wako shambani wanaangua nazi. Nikiwa huko huko juu, mtu kutoka kisiwa cha Chole akaleta barua ya Padre. Padre yuko bara. Kwetu hufika mara moja kwa mwaka, wakati wa Pasaka.

Ndani ya barua mna karatasi ya maswali. Kuanzia mwaka huu anayeongoza mafungo lazima awe na cheti. Asiye nacho atafundisha watoto alifu na sala za asubuhi, basi.

Mafungo ya Kwaresima hapa nimeyaongoza mimi miaka kumi na moja. Nimeshuka, nikaisoma tena karatasi ile.

Jumatano, 8 Machi.

Karatasi iko mezani tangu juzi. Jina: Tadei. Hilo najua. Kabila: sijui. Niliuzwa ningali mdogo mno, na waliponikomboa misheni hakuna aliyejua nilikotoka. Chuo ulichosomea: hakuna. Miaka mingapi: hakuna. Nani alikufundisha kuongoza roho za watu?

Hapo nimekwama. Wameacha mstari mmoja tu, mfupi kama kidole.

Niandike nini? Kwamba Padre mzee kule bara alipopofuka nilikuwa macho yake miaka sita? Nilimfulia, nikamlisha, nikafagia chumba chake. Watu walikuja kwake maisha yalipowashinda. Kwa ungamo nilitoka nje. Kwa mengine aliniacha nikae pembeni. Alinyamaza mpaka mtu amalize, na akimaliza alinyamaza tena kidogo, kisha akauliza swali moja. Moja tu. Nimesoma hayo miaka sita na ufagio mkononi. Hakuna chuo kinachotoa cheti cha ufagio.

Nina hasira mpaka mate machungu.

Jumamosi, 11 Machi.

Amefika mtu wa kuongoza mafungo. Mwalimu Gasper, kutoka chuo kipya cha makatekista. Umri kama miaka thelathini. Kanzu nyeupe, viatu, sanduku la vitabu. Cheti kimo ndani ya mfuko wa ngozi. Amenionyesha kabla hajanywa maji.

Amenipa shikamoo vizuri, na kichwa ameinamisha. Adabu anayo, lazima nikiri. Inazidi kuniudhi.

Agizo la Padre analo kwa maandishi. Mimi nitaingia mafungo haya kama mwanafunzi. Nitakaa mkekani na makuli. Nisiseme neno siku tatu. Mwisho Gasper ataandika kama nimetii na kama nafaa kupewa cheti. Atapima yeye.

Nimesema sawa. Nilitaka kusema mengine.

Jumapili, 12 Machi.

Nimemweleza Gasper habari ya kuweka salamu. Amecheka. Si kwa ubaya, lakini amecheka.

Nitaandika hapa nilivyomweleza, maana kwake naona haikuingia. Mwaka wangu wa kwanza Kiegeani nilifunga mafungo peke yangu. Nikapita njiani kimya, kichwa chini, mtakatifu kweli kweli. Wazee nikawapita. Salamu sikutoa, za watu sikujibu. Siku ya nne hakuna aliyeniuzia samaki, wala muhogo. Nilikula nazi tupu karibu mwezi. Aliyenifungua macho ni Bi Zuhura binti Salum, mwenye mashamba haya, mwenye kiwanja cha kibanda chetu na kisima tunachochota. Aliniita barazani kwake, akaniambia, "Mtu asojibu salamu ni mgonjwa, au mwendawazimu, au adui. Wewe, mwanangu, ni yupi katika hao?" Nikamweleza. Akafikiri. Akasema, "Basi ukitaka kufunga mdomo, weka kwanza salamu zako. Siku tatu, salamu tatu. Sisi tutajua ziko."

Tangu hapo, kila mwaka, siku moja kabla ya mafungo nawapitisha watu wangu nyumba kwa nyumba. Kila mmoja anatoa shikamoo tatu, anapokea marahaba tatu. Watoto wanatucheka. Wazee wanaitikia bila kucheka. Kisha tunaingia kwenye ukimya na hakuna aliyeudhika. Bi Zuhura hata huwakataza watu wake wasipige kelele kisimani.

Simpambi. Nyumba yake ilikuwa na watumwa, na wako walio naye mpaka leo, na mimi najua maana ya hilo kuliko Gasper. Lakini neno lile alilonipa lilikuwa kweli.

Gasper kasema, ukimya unaoombewa ruhusa kwa Waislamu si ukimya. Kasema kitabuni hakuna. Kasema siku nzima ya kuzunguka vijijini itatawanya mioyo ya watu.

Nimenyamaza. Sijui kama ni utii au woga. Nadhani woga.

Jumatatu, 20 Machi.

Leo ilikuwa siku ya kuweka salamu. Hatukwenda. Marta kaja kuniuliza asubuhi, mtungi kichwani, mbona hatuondoki. Marta ni mjane wa askari. Mumewe alikufa vitani kusini, na mtoto wake wa mwisho kazaliwa mikononi mwa Bi Zuhura. Mwaka mzima alikuwa akija kukaa kibandani bila kusema kitu. Nilikaa naye. Mwaka wa pili ndipo alipoanza kulia, na wa tatu kusema.

Nimemwambia, mwaka huu Mwalimu Gasper ana utaratibu wake. Kaniangalia. Kaondoka na mtungi wake.

Ningeweza kwenda peke yangu hata kwa Bi Zuhura tu. Robo saa kwa miguu. Sikwenda. Nautaka mno mstari mmoja wa Gasper kwamba nafaa.

Jumanne, 21 Machi.

Siku ya kwanza. Watu kumi na wanne. Hata kuandika Gasper amekataza. Naandika.

Anasoma kutoka daftari lake la chuo. Kila siku ina hatua kumi, kila hatua ina vipengele. Hatua ya nne ni majuto. Kasema, sasa kila mtu ajutie dhambi zake mpaka machozi. Kamsogelea Marta, kamwangalia usoni, akisubiri machozi. Nusura nimkamate mkono. Makuli wanahesabu vipande vya miale kwenye makuti. Mimi pia.

Jua kali, hewa haitikisiki. Mvua iko karibu.

Jumatano, 22 Machi.

Asubuhi, hatua ya pili au ya tatu, kilio kimetoka upande wa nyumba ya Bi Zuhura. Kilio cha wanawake wengi pamoja. Kila mtu kibandani amejua ni msiba. Vichwa vyote vimegeukia kwangu. Gasper kainua kidole kwenye midomo. Kaendelea kusoma.

Kafa Mzee Nasoro, ndugu yake Bi Zuhura, aliyenyonya naye ziwa moja. Nimejua nilipowasikia wapita njia.

Nimekaa. Naandika tena nisije nikajidanganya baadaye: nimekaa. Wamemwosha, wamemsalia, wamepita naye mbele yetu jeneza likiwa begani, hatua ishirini kutoka mlangoni petu, nami nimekaa mkekani nikisikiliza hatua ya saba.

Adhuhuri wanawake wetu walikwenda kuchota maji. Njia ya kisima inapita mbele ya msiba. Waombolezaji wamejaa mikekani. Wanawake wanne, mitungi kichwani, kimya, macho chini, wakapita. Hakuna pole. Hakuna mkono. Marta akiwa wa mwisho. Karudi nusu ya maji yamemmwagikia kifuani.

Bado sikusimama. Nilikuwa nikiwaza cheti. Najichukia.

Alhamisi, 23 Machi.

Hatua ya tano ilikuwa unyenyekevu. Gasper kasema mnyenyekevu haachi mahali alipowekwa. Nimesimama.

Kanionyesha kidole nikae. Nimesema kwa sauti, mbele ya wote, "Jirani kafiwa." Ndiyo maneno yangu pekee kibandani mafungo haya. Nimetoka. Marta kanifuata. Wengine hawakuthubutu, na siwalaumu, maana msimamizi wa shamba kawapa siku tatu za mafungo tu, na anayetoka kibandani hukatwa ujira.

Bi Zuhura alikuwa ukumbini, ameketi chini kati ya wanawake, kanga nyeusi kichwani. Nimesimama mlangoni. Nimesema, "Shikamoo, Bi Mkubwa. Pole kwa msiba."

Hakujibu.

Nikarudia. Aliniangalia, kisha akaangalia ukuta. Wanawake wote wamenyamaza. Sijapata kusikia ukimya kama ule, na mimi ndiye mwalimu wa ukimya. Miaka kumi na moja nawafundisha watu kunyamaza, na leo ndipo nilipojua kunavyomuuma anayenyamaziwa.

 Marta kapita uani, kainama, kaanza kuosha masufuria ya msiba. Hakuna aliyemkaribisha, hakuna aliyemfukuza. Nimemwacha huko. Mimi nimerudi kwa njia ya mbali ili nisikutane na mtu.

Ijumaa, 24 Machi.

Mafungo yamekwisha. Makuli wametoka kibandani wakipumua kama waliotua mizigo. Hakuna hata mmoja aliyenijia, hakuna aliyemwendea Gasper. Miaka mingine siku hii hukaa nao mpaka jioni.

Kisimani hakuna ndoo wala kamba. Zimeondolewa. Mjakazi wa Bi Zuhura kasema, "Bi Mkubwa hana ugomvi. Kasema tu watu wasosema naye hawana haja na maji yake."

Gasper kawaka. Anataka kuandikia boma la Wajerumani kule Chole kwamba Wakristo wananyimwa maji. Hapo nimelipuka. Nimemwambia boma halijui kutoa marahaba. Nimemwambia cheti chake kinajua kila kitu isipokuwa watu. Nimemwambia mengine ambayo sitayaandika. Yaliyobaki ya hasira yangu yalikuwa yangu mwenyewe, lakini nimempa yeye yote. Mikono yake ilikuwa ikitafuta pa kushika.

Kaniambia taratibu, "Mzee, mimi nimeandika ulivyofanya. Ulitoka kabla ya mwisho."

Ni kweli. Nilitoka kabla ya mwisho. Kosa ni kwamba nilichelewa kutoka, lakini kwa hilo hakuna mstari.

Jumamosi, 25 Machi.

Hitma ya Mzee Nasoro imesomwa. Nimewachukua watu wangu wote waliokubali, saba. Tumekaa nje, mwisho kabisa, palipo na viatu. Tumeletewa pilau kama watu wengine. Bi Zuhura hakutoka. Marta yuko jikoni siku ya tatu sasa, mikono imemchubuka kwa majivu. Nasikia wanamwita kwa jina.

Gasper alikuja. Sikumwita. Kasimama mbali, viatu mkononi, hajui akae wapi. Kijana mmoja wa nyumba ile kamsogezea mkeka. Tukirudi kaniuliza bila kuniangalia, "Zile salamu ni tatu kwa kila mzee, au tatu kwa nyumba?" Nikamjibu, kwa kila mzee.  Bado nina hasira naye. Imepungua kidogo, na kupungua kwake nako kunaniudhi.

Jumatatu, 27 Machi.

Gasper kaondoka alfajiri kwenda Chole, na taarifa yake mfukoni. Ameniambia alichoandika: hakutii, hakumaliza, hafai kwa sasa. Kisha ametoa wino, akasema bado karatasi yangu anaweza kuibeba.

Nimeijaza nikiwa nimesimama. Chuo: hakuna. Miaka: sita na kumi na moja. Nani alikufundisha kuongoza roho za watu? Nimeandika: Padre aliyepofuka, na Zuhura binti Salum wa Kiegeani, Mwislamu. Mstari haukutosha. Nimeendelea pembeni.

Gasper kasoma.  Kakunja karatasi, kaiweka ndani ya mfuko wa ngozi pamoja na cheti chake.

Mwaka ujao mafungo si yangu. Nimelia kidogo nyuma ya kibanda, kwa uchungu na hasira, kisha nikaenda kufundisha katekisimu.

Jumatano, 29 Machi.

Mvua ya kwanza. Kibanda hakikuvuja.

Nimekwenda kwa Bi Zuhura asubuhi. Siku ya saba tangu afiwe. Alikuwa barazani anachambua mchele. Nimesimama chini ya upenu, maji yananichuruzika mgongoni. Nimesema shikamoo. 

Kachambua kwanza, chuya moja, mbili, kazitupa uani. Kisha kasema, "Marahaba." Akachambua tena. "Marahaba." Nikadhani amesahau kwamba ameshajibu. Kaweka ungo chini, kaniangalia. "Marahaba, mwanangu. Siku zako tatu hizo."



Kaniuliza kama nimekunywa uji. Nimesema bado. Kamwita Marta alete bakuli, na kamba ya kisima.