Jetoni Nzuri, Viti Vitupu

Mama Lombe mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa peke yangu mbele ya sanduku la mkononi, valizi yenye jetoni mia tatu za kuhesabia mchezo wa karata, na nahitaji msaada wako nijue kama nimefanya ujinga au kama wenzangu wana wivu. Mimi ni mchomeleaji wa vyuma hapa Kamalondo, nina miaka hamsini na mbili, na kwa miaka tisa, kila Jumamosi alasiri, tumekuwa tukicheza poka nyumbani kwangu, mimi na mke wangu Constance, mdogo wake Guelor, na jirani yetu Shafi fundi cherehani pamoja na mkewe Adija, na usifikiri ni kamari, Mama, hatujawahi kuweka hata faranga moja mezani, maana Shafi ni Mwislamu na tangu siku ya kwanza alisema dini yake haimruhusu, nasi tukakubaliana kwamba atakayeshindwa ataosha sahani, basi.

Miaka yote hiyo tulihesabia kwa vizibo vya chupa, na vizibo ni taabu, vinakwaruza meza, havipangiki vikasimama, na kila mmoja wetu anajua kwamba Guelor huja na vingine mfukoni. Sasa mwaka huu nilikwenda kuweka mlango wa chuma kwa mteja mmoja, nikaona kwake jetoni za kweli, za udongo mgumu, nzito, rangi imeingia mpaka ndani, nikaokota moja, nikawa naigeuzageuza mkononi huku nikiongea habari za bawaba, mpaka mwenyewe akacheka. Nikamwagiza Mama Katongo, anayefanya biashara kupitia mpaka wa Sakania, na baada ya wiki tano akaniletea valizi yenye funguo mbili. Nililipa dola mia moja na hamsini, jasho langu mwenyewe, na Constance alijua, hakupinga, alisema tu zinapendeza.

Hapo mambo yakaanza kuharibika. Niliomba watu wanawe kwa sabuni kabla ya kukaa, je, hilo ni kosa? Nilisema bukari ya mahindi na samaki wa bitoyo tule kwanza uani, kwa sababu mafuta ya samaki yakiingia kwenye udongo hayatoki. Guelor akifikiri hupenda kugonga jetoni mezani, nikamkataza. Shafi huja moja kwa moja kutoka kazini na chaki ya bluu vidoleni, basi kila alipoweka jetoni niliifuta kwa kitambaa, naye akaniambia polepole, "Ndugu Clément, mikono yangu iko safi. Ni chaki ya kazi tu." Nilidhani ananitania. Constance akauliza kama tuko nyumbani ao tuko mize, kule kwenye makumbusho. Hilo nalo nilidhani ni utani.

Jumamosi ya nne ikapotea jetoni moja nyeusi, ile ya thamani kubwa kuliko zote. Nikasimamisha mchezo, nikainua mito ya viti, nikawaomba wote wakung'ute nguo, na nitakuambia ukweli, Mama, nikamwomba Adija afungue mfuko wake. Nilimwomba kwa adabu. Akaufungua, akatoa kitu kimoja kimoja na kukipanga mezani, leso, funguo, tasbihi, dawa ya macho, halafu akaugeuza mfuko juu chini.

"Angalia muzuri, papa Clément," akasema. "Usisahau na pembe."

Jetoni ilikuwa chini ya ndala yangu mwenyewe. Nikacheka. Hakuna aliyecheka nami.

Tangu siku ile hawajarudi. Shafi anasema ana nguo za arusi, Guelor anasema mgongo, na hata Constance siku hizi kila Jumamosi saa tisa anakwenda mazoezi ya kwaya. Wiki ya sita hii nafungua valizi, napanga rangi kwa rangi, nafunga. Je, niziuze turudi kwenye vizibo? Au nitafute watu wengine wanaojua thamani ya kitu kizuri?

Clément, Kamalondo

*

Clément, ndugu yangu,

Pole kwa Jumamosi sita za upweke. Pole yangu inaishia hapo.

Jetoni usiuze. Kitu ambacho watu watano wanakishika kila wiki kwa miaka tisa si anasa, na ulifanya vizuri kuchagua kilicho imara. Za plastiki nyepesi zingebanduka rangi kabla ya Noeli na ungenunua tena. Hizo zako wajukuu watazikuta. Pesa ni yako, mke alijua, sioni dhambi.

Ila umenunua kitu cha kuchezea ukakigeuza kitu cha kulinda, kisha ukawafanya rafiki zako ndio wezi. Unauliza kama wana wivu. Ndugu yangu, ulipekua mfuko wa mke wa jirani yako, mbele ya mume wake, kwa ajili ya duara la udongo lisiloweza kununua hata andazi. Miaka tisa mmecheza na Guelor mkijua anaficha vizibo, na hakuna aliyewahi kumtia mkono mfukoni. Sasa niambie, nani aliyebadilika?

Kuna jambo jingine, kaa vizuri kwenye kiti. Wiki moja kabla ya barua yako nilipokea nyingine kutoka Kamalondo, ya Constance wako. Nisingeitaja, lakini nilimpigia simu, naye akanipa ruhusa, akasema yeye mwenyewe kila akijaribu kukuambia anashindwa. Hakuna mazoezi ya kwaya Jumamosi. Wanacheza kwa Shafi, wote wanne.

Kabla hujakasirika, sikiliza alichoniomba. Aliniuliza atamrudishaje mume wake mezani bila kurudisha na kile kitambaa. Anasema mchezo hauendi. Guelor ameshinda mara nne mfululizo, na vizibo vyake vingine ni vya soda ambayo hakuna nyumba inayoinywa. Shafi amesema waziwazi kwamba jetoni zako zilikuwa nzuri mkononi kuliko kitu chochote alichowahi kuchezea. Na Adija, yuleyule, kila Jumamosi anauliza kama umekula.

Constance, najua unasoma ukurasa huu, na wewe nakugusa. Mwanamke mwenye ndoa ya miaka mingi hamfichi mumewe nyuma ya kwaya. Ungemwambia siku ya kwanza, angelia siku moja badala ya wiki sita.

Sasa, Clément, fanya hivi. Ijumaa, kabla ya mtu mwingine yeyote, nenda kwa Adija. Umsalimie Shafi kwanza, umwombe nafasi ya kusema na mkewe mbele yake. Sema, "Nilikukosea, nisamehe." Usiongeze "lakini". Usieleze habari za mafuta ya samaki. Usiende na zawadi, maana zawadi itakusaidia kunyamaza, nami nataka useme.

Jumamosi beba valizi, ipeleke kwa Shafi, na iache huko mpaka mwisho wa mwaka pamoja na funguo zote mbili. Kila mwezi mtu mmoja azisafishe kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, azikaushe, yamekwisha. Ikipotea moja, chezeni na mia mbili tisini na tisa. Guelor akitaka kugonga, agonge. Udongo huo umechomwa motoni, hautakufa kwa vidole vyake.

Ukifika, usalimie, uweke valizi mezani. Usijaribu kuwachekesha. Adija akikuuliza kitu, jibu. Asipokuuliza, kaa, uchanganye karata, ugawe.

Mama Lombe